Umri wa Mwigizaji Usisubiri Kuulizwa Mahakamani

Wazazi wengi wa mji huu wa Songea wamekwisha kusikia binti zao wakitamka kwamba wakikua watakuwa waigizaji wa filamu. Baadhi yao hucheka, baadhi hukemea, na wachache huanza kuulizia nauli ya basi la kwenda Dar es Salaam. Sisi katika safu hii hatucheki wala hatukemei. Mtoto kutaka kuonyesha kipaji chake si dhambi, na uigizaji ni kazi kama kazi nyingine: una jasho lake, una ufundi wake na una riziki yake. Hata hivyo, tunaona ni wajibu wetu kuuliza swali moja ambalo wazazi, watengenezaji wa filamu na viongozi wanaohusika hawajalipa uzito unaostahili. Siku mtoto anaposimama mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, ni nani anayeandika umri wake?

Swali hili laweza kuonekana dogo, la makarani na mafaili. Lakini historia ya mwigizaji mmoja tu, ambaye jina lake linajulikana kutoka Mbamba Bay hadi Wete, yatosha kuonyesha kwamba si dogo hata kidogo.

Ndugu Elizabeth Michael, ambaye wananchi wamezoea kumwita Lulu, alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1995. Alianza kuigiza akiwa bado mtoto mdogo, katika kundi la Kaole lililokuwa likionyesha michezo yake katika televisheni ya ITV. Wakati ule michezo ya kuigiza ya televisheni ilikuwa imeanza kuwa chakula cha jioni cha familia nyingi, na mtoto yule alipendwa kama watoto wa jirani wanavyopendwa. Baadaye ilikuja enzi ya filamu za kuuzwa, kwanza kwa kanda na kisha kwa santuri za DVD, ambazo zilitoka Kariakoo na kufika hata katika vibanda vya video vya huku kwetu. Lulu aliingia katika enzi hiyo pamoja na wenzake waliomtangulia. Watazamaji walimwona akirefuka filamu hadi filamu. Kwa kuwa walikuwa wamemzoea kwa miaka mingi, wengi walijikuta wakimhesabu kuwa mtu mzima kabla umri wenyewe haujafika.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili, 2012, marehemu Steven Kanumba, aliyekuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote nchini, alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Taifa lilishtuka, na maelfu ya watu walijitokeza kumzika. Lulu alikamatwa na kushtakiwa. Kwa tarehe yake ya kuzaliwa, siku ile alikuwa amebakiza siku 9 tu kutimiza miaka 17. Hata hivyo, mashtaka yalimtaja kuwa ni mtu wa miaka 18. Mawakili wake walipinga, wakaeleza kuwa mteja wao ni mtoto kwa mujibu wa sheria na kwamba shauri lake lilipaswa kuendeshwa kama shauri la mtoto. Suala hilo la umri halikuishia katika mahakama ya chini. Lilifika Mahakama Kuu, na likafika hadi Mahakama ya Rufani.

Yaliyofuata yanajulikana. Shtaka lilibadilishwa likawa la kuua bila kukusudia. Mwezi Januari 2013 alipata dhamana, na tarehe 13 Novemba, 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka 2. Mwezi Mei 2018 alitoka gerezani ili amalizie adhabu yake nje, kwa kuitumikia jamii. Katika kipindi kile cha kungoja hukumu hakuiacha kazi yake. Mwaka 2013 alitoa filamu ya Foolish Age, mwaka 2014 ikafuata Mapenzi ya Mungu, na mwezi Machi 2016 alisimama jukwaani mjini Lagos, Nigeria, kupokea tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki.

Hatuna nia ya kuirudia kesi hiyo. Mahakama ilikwisha kusema, na adhabu ilikwisha kutumikiwa. Familia moja ilimpoteza mwana wao, na hakuna maandishi ya gazeti yatakayomrudisha. Jambo linalotushughulisha sisi ni jingine. Huyu alikuwa mtoto aliyefanya kazi mbele ya macho ya nchi nzima kwa miaka kadhaa. Watu wazima walimwandikia hadithi, walimpangia saa za kufika kazini, walimvika mavazi, walimlipa, na walimuuza sokoni. Lakini ilipohitajika kujulikana kama ni mtoto au si mtoto, ilibidi mawakili wasimame kizimbani kubishana. Ajira yake yote haikuacha nyuma faili moja ambalo mtu angelifungua na kusema: hapa ndipo umri wake ulipoandikwa siku alipoanza kazi, na hawa ndio waliokuwa na dhamana juu yake.

Huenda msomaji akauliza kama faili la namna hiyo lingezuia msiba. Hatuwezi kusema hivyo, na si haki mtu yeyote kusema hivyo. Tunachosema ni kwamba karatasi yenye umri wa mtoto huwakumbusha watu wazima kila siku wako na nani. Anayeandaa ratiba ya kazi ataiona kabla ya kumweka mtoto katika pambano la usiku. Mwandishi wa hadithi ataiona kabla ya kumpa maneno yasiyofaa kinywani mwake. Mwandishi wa habari naye ataikumbuka kabla ya kumwandika mtoto kama mwanamke mzima. Penye kumbukumbu ya namna hiyo hakuna anayeweza kujitetea kwamba hakujua.

Je, sheria hakuna? Sheria zipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatamka kwamba kila mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, na hata hapo ni kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala kumzuia kuhudhuria shule. Inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Inatamka pia kwamba mtoto anayefanya kazi ana haki ya kulipwa ujira unaolingana na kazi aliyoifanya. Kila mtu aliyewahi kutazama upigaji wa filamu anafahamu kwamba kazi hiyo mara nyingi huanza jua linapozama. Hivyo kifungu cha usiku peke yake kingetosha kubadili mambo mengi, kama kingesomwa mahali filamu inapopigwa.

Zaidi ya hapo, Tanzania iliridhia mwaka 1998 Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, mkataba wa mwaka 1973 unaohusu umri wa chini wa kuajiriwa. Waliouandika mkataba huo hawakuisahau sanaa. Walifahamu kwamba hadithi zina watoto ndani yake, na kwamba haiwezekani kila mtoto wa filamu achezwe na mtu mzima. Kifungu cha 8 kinaruhusu watoto walio chini ya umri huo kushiriki katika maonyesho ya sanaa, lakini kwa kibali kinachotolewa kwa kila mtoto peke yake, na kibali hicho sharti kitaje saa za kazi na masharti yake. Huo ndio mlango halali ambao mtoto mwenye kipaji angepaswa kupitia.

Vilevile tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Filamu. Sheria hiyo inamtaka anayetaka kupiga filamu aombe kibali kwanza, na katika maombi aeleze hadithi na mapambano yake. Inatambua pia bodi za mikoa na za wilaya, ili mambo yote yasisongamane Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, karatasi ipo, meza ipo, na afisa wa kuketi mezani yupo. Kama dola inataka kujua hadithi itakuwaje kabla haijapigwa, ni vipi isitake kujua watakaoicheza wana umri gani?

Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza jambo hili kwa machungu. Huko Marekani, mtoto aitwaye Jackie Coogan alipata sifa kubwa mwaka 1921 kwa kucheza na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid. Alifanya kazi utotoni mwake, akaingiza mamilioni ya dola. Alipofikisha miaka 21, mwaka 1935, akagundua kwamba karibu fedha zote zilikuwa zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Mwaka 1938 alikwenda mahakamani. Alichoambulia ni kama dola 126,000 tu. Kutokana na kilio chake, mwaka 1939 jimbo la California lilipitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto wa filamu, na hadi leo sehemu ya ujira wa mtoto huwekwa akiba ambayo mzazi haruhusiwi kuigusa. Mtoto mmoja aliumia, na watoto waliomfuata wakapata kinga. Nasi yafaa tujiulize kama yaliyopita hapa kwetu yamewaachia kinga watoto wanaokuja.

Watu wa Ruvuma wana sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Msichana wa Dar es Salaam anayekwenda kuigiza Jumamosi anarudi kulala kwa mama yake. Msichana wa Songea, wa Mbinga au wa Namtumbo hana pa kurudi jioni ile. Atalala kwa shangazi kama anaye, na kama hanaye atalala popote atakapoambiwa alale. Chakula chake, nauli yake na usalama wake vitakuwa mikononi mwa watu ambao wazazi wake hawajawahi kuwaona. Hapo ndipo kipaji kinapogeuka kuwa mtego, maana asiye na nauli ya kurudi hawezi kukataa jambo.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wasidhani kwamba jambo hili ni la Bara peke yake. Unguja imekuwa mahali pa filamu kwa miaka mingi. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi limeleta wageni wa kila taifa katika Mji Mkongwe, na mwaka 2021 mtengenezaji Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Wanaoifahamu riwaya hiyo wanajua kwamba imejengwa juu ya maisha ya Yasmini, binti mdogo aliyeozwa mume mzee, na katika filamu hiyo nafasi yake ilichezwa na Ikhlas Gafur Vora. Ni fahari kwa Visiwani kwamba hadithi ya binti wa Unguja ilifika hadi Toronto, Kanada. Basi ni haki pia mabinti wa Visiwani wanaovutwa na fahari hiyo wajue kwamba kuna mlango salama wa kuingilia.

Ifahamike kwamba sanaa na filamu si mambo ya Muungano. Bara ina Bodi ya Filamu, na Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Hatuna ugomvi na mpangilio huo. Lakini boti ya kutoka Dar es Salaam hufika Unguja kwa muda wa saa 2 hivi, na kundi la filamu laweza kupiga pambano moja asubuhi upande huu na jingine jioni upande ule. Mtoto aliyeandikishwa upande mmoja asipotee katika vitabu kwa sababu tu amevuka maji. Tungependa kuona taasisi hizi mbili zikikubaliana kwamba kibali cha mtoto kilichotolewa na mmoja kitaheshimiwa na mwenzake, na kwamba masharti yake hayatalegea njiani.

Tunajua yako maneno yatakayosemwa dhidi ya maoni haya. Watengenezaji wa filamu watasema kwamba wao ni watu wa mitaji midogo, na kwamba karatasi zaidi zitawamaliza. Tunawahurumia, maana ni kweli kwamba kwa muda mrefu wengi wao waliuza haki zao kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja, wakabaki kuangalia wengine wakila jasho lao. Lakini aliyedhulumiwa hapati ruhusa ya kumdhulumu aliye mdogo kuliko yeye. Nakala ya cheti cha kuzaliwa haigharimu fedha ya kufilisi mtu. Kama bajeti ya filamu haimudu kumrudisha mtoto nyumbani kabla ya saa 2 usiku, basi hadithi hiyo iandikwe upya isiwe na mtoto.

Wako pia watakaosema, hasa wazee wetu, kwamba dawa ni kuwakataza mabinti wasiigize kabisa, kwa kuwa uigizaji ni uhuni. Kwa heshima zote, hatukubaliani nao. Mtoto anayekatazwa bila kuelezwa huondoka bila kuaga, na huyo ndiye anayefika mjini akiwa hana ulinzi wowote. Aidha, si kweli kwamba sanaa haina shule. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Mzazi anayemwambia binti yake amalize masomo ya sekondari kwanza, kisha akasomee sanaa, hajaua ndoto ya mtoto. Ameipa miguu ya kutembelea.

Kuna na wazazi wa aina ya tatu, ambao wao wenyewe humsukuma mtoto mbele kwa sababu wameona ni njia ya kuondokana na shida. Hao nao tunawaambia kwa upole kwamba ujira wa mtoto ni wa mtoto. Akiwa na miaka 10 hawezi kudai hesabu, lakini siku moja atakuwa na miaka 20 na ataidai.

Hivyo basi, tunawaomba viongozi wanaohusika, Bara na Visiwani, wayafikirie mambo yafuatayo. Kwanza, kila ombi la kibali cha kupiga filamu liambatane na orodha ya waigizaji wote walio chini ya miaka 18, pamoja na nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa. Pili, kwa kila mtoto awepo mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina, asiyekuwa mwenye filamu, atakayekaa naye muda wote wa kazi. Na mtoto akiwa wa kike, mtu huyo awe mwanamke. Tatu, mwalimu mkuu wa shule yake athibitishe kwa maandishi kwamba kazi hiyo haitamkosesha masomo. Nne, sehemu ya malipo iwekwe benki kwa jina la mtoto, na isiguswe hadi atakapokuwa mtu mzima. Tano, maafisa utamaduni na maafisa ustawi wa jamii wa wilaya wapewe nakala ya vibali hivyo, ili mtoto anayetoka Songea kwenda kufanya kazi Dar es Salaam au Unguja awe anajulikana huku anakotoka na kule anakokwenda.

Hayo yote hayahitaji jengo jipya wala idara mpya. Yanahitaji ukurasa mmoja uongezwe katika fomu iliyopo, na afisa mmoja akatae kupiga muhuri ukurasa huo ukiwa mtupu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa tuliuona wazi mwaka 2012, pale mahakama za nchi zilipolazimika kushughulikia umri wa msichana ambaye nchi nzima ilidhani inamfahamu. Elizabeth Michael alivuka mtihani wake, akatumikia adhabu aliyopewa na akaendelea na maisha. Si kila binti atakuwa na nguvu hizo, wala haifai tuwajaribu ili tuone nani anazo. Huenda wiki hii hii, katika stendi yetu ya mabasi, binti fulani amepanda gari la alfajiri akiwa na begi dogo na namba ya simu ya mtu aliyemwahidi nafasi katika filamu. Safari hiyo haitaacha kuwapo. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba mtu wa kwanza kumpokea atalazimika, kwa mujibu wa sheria, kumwuliza mwaka aliozaliwa na kuuandika.